Vikuku Vilivyonunua Mtambo wa Soda

Jana alasiri alikuja mtu dukani kwangu, mtu mzima na ndevu zake, akaketi, akanywa soda yangu bure, kisha akaniomba ati nimpe siri.

"Bwana Idarus," alisema, "wewe ulianza mikono mitupu, na leo askari wote wa vita walioko Kilindini wanakunywa soda yako. Mimi nataka kufungua kinu cha mafuta ya nazi pale Majengo. Wakwe zangu wana fedha kidogo. Hebu niambie, wewe za kuanzia ulizipataje?"

Nikamwambia duka lafungwa. Uongo mtupu, jua lilikuwa bado liko juu. Akaondoka amenuna, na ana haki ya kununa, maana aliuliza kwa adabu zake zote nami nikamfukuza kama paka aliyeingia jikoni. Nimelala na aibu hiyo na nimeamka nayo. Basi afadhali niseme. Anayetaka kunicheka na anicheke, na anayetaka kunitukana pia ruhusa.

Mimi mamangu alikufa nikiwa mchanga wa miezi mitatu. Aliyenichukua ni dada yake mkubwa, Mwanatumu binti Shee, ambaye wakati ule alikuwa na binti wa kunyonya, Badria. Akanitia ziwani upande mmoja na Badria upande wa pili, na hivyo ndivyo tulivyokuwa ndugu, mimi na Badria. Sikumwita mama mkubwa hata siku moja. Nilimwita Mama, basi. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya mawe ya vyumba vitatu nyuma ya mtaa wa Ndia Kuu, na jozi mbili za vikuku vya dhahabu. Vikuku vile havikuvaliwa. Vilikaa kashani vimefungwa kitambaa cha kijani, na sisi wa nyumbani tulijua ni vya nini: ni nauli yake ya kwenda Makka.

Mwaka wa 1906 nilikuwa karani forodhani, kazi yangu kuhesabu makasha yanayoshuka. Kila meli ya Bombay ilileta soda, zile chupa zenye gololi shingoni, na kila mara nikifungua kasha nakuta robo yake vigae. Wenye kutengeneza hapa mjini walikuwa mmoja wawili, na hawakuwatosha hata watu wa reli peke yao. Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Mtambo mdogo wa kusukuma kwa mkono, kisima kizuri, sukari, ndimu, hewa ya soda ya kuagiza, chupa. Usingizi ukanitoka. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa fedha.

Nilikwenda kwa Maalim Zein, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa pia akiandika hati za watu wa mtaani: za nyumba, za mahari, za mashamba. Nilikwenda kumwuliza nani ana fedha. Yeye akanijibu jambo jingine kabisa.

"Sikiza, Idarus," alisema. "Fedha ya mtu haiingii mkononi mwako bila jina. Je, ni karadha? Basi utairudisha kama ilivyo, upate usipate. Ni amana? Basi huigusi. Ni mtaji wa shirika, yeye atoe mali nawe utoe kazi? Basi mtataja fungu mapema, nusu au thuluthi au robo ya faida, si kusema tutaonana mbele. Na hasara ikija bila uzembe wako, yeye amepoteza mali nawe umepoteza jasho. Yote hayo uyaandike, na mashahidi wawili waweke mikono. Na akija mtu mwingine nyuma kutia mali yake, umwambie nani yumo ndani tayari. Usimfiche."

"Hata kama ni jamaa, Maalim?"

"Jamaa kwanza," akasema. "Mgeni mkikosana mtaachana njia. Jamaa utakutana naye kila msiba."

Nilimbusu mkono nikaondoka, na maneno yake nikayaacha pale pale mkekani. Niliona ni maneno ya mtu mwenye kulipwa kwa kuandika karatasi.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Mama nikamweleza. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Kisha aliinuka, akafungua kasha, akaja na kile kitambaa cha kijani.

"Makka haihami," alisema. "Chukua. Wasema utanipa nini?"

"Robo ya faida, Mama. Kila mwaka. Miaka miwili tu utakwenda Makka kwa meli ya wakubwa."

Akacheka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi, "Basi tungemwita Maalim Zein atuandikie, mwanangu. Si kwa ubaya. Mimi ni mtu mzima, leo niko kesho siko."

Hapa ndipo ningependa ardhi inimeze. Nililipuka! Mimi, mtu wa kupewa dhahabu, ndiye niliyelipuka. "Karatasi, Mama? Baina yangu nawe? Umeninyonyesha, leo waniletea mashahidi? Watu wakisikia watasema umeniona mwizi!" Nikasukuma kile kitambaa mbali nami, nikajifanya nainuka kwenda zangu.

Masikini aliona haya yeye. Alinishika mkono, akasema, "Nisamehe, mwanangu, shetani huyo," akanitia vikuku mfukoni kwa mkono wake mwenyewe. Badria hakuwapo, alikwisha olewa na yuko kwa mumewe Mbaraki. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Niliviuza kwa sonara aliyekuwa akifunga duka arudi kwao Bara Hindi, na fedha nikazipeleka Bombay kuagiza mtambo.

Mtambo ulifika, mzuri, una gurudumu jekundu. Kumbe mimi nilihesabu mtambo nikasahau chupa! Chupa ni ghali kuliko soda yenyewe. Miezi mitatu mtambo ulikaa chini ya turubai ndani ya banda nililolikodi, nami nazunguka mjini nikitafuta mtu. Aliyekubali ni Bwana Akil, muuza nguo wa Ndia Kuu, mtu wa maneno machache na mwenye kupenda mambo yake yaandikwe. Alisema atatoa fedha za chupa, hewa na leseni, kwa nusu ya faida. Akampa karani wa wakili aandike hati, ikaenda ikaandikishwa serikalini kwa mihuri.

Kabla ya kutia mkono, Bwana Akil aliniuliza, "Mtambo huu ni wako peke yako?"

"Wangu."

"Hakuna mtu aliyetia kitu chake humu? Mimi sikatai kushirikiana na mtu, nakataa kushirikiana na mtu nisiyemjua."

"Hakuna."

Akamwambia karani alisome tena lile fungu la hati linalosema kwamba hakuna mwenye haki nyingine katika mtambo wala faida, na likija kuwa si kweli mtambo wote ni wa Bwana Akil. Kisha akaniuliza mara ya tatu, "Hakuna?"

Mtauliza kwa nini sikusema. Angekubali, mtu yule! Alikuwa karibu kuniambia mwenyewe. Lakini niliona aibu. Mbele ya karani aliyevaa koti, mbele ya wino na mihuri, niliona aibu kusema kwamba kiwanda changu kimesimama juu ya vikuku vya mwanamke mjane. Nilitaka nionekane mtu. Nikasema hakuna, nikatia mkono.

Kazi ikashika. Nilimwajiri Katana, mtu wa Rabai mwenye mikono yenye nguvu, akawa anazungusha gurudumu na kuosha chupa, na mwaka wa pili tulikuwa tukipeleka makasha kwenye stesheni, Kilindini, hata kwenye nyumba za wakubwa. Bwana Akil aliweka karani wa hesabu. Kila rupia iliyoingia iliandikwa na kila iliyotoka iliandikwa, na nusu yake na nusu yangu zikagawanywa mwisho wa mwaka mbele ya macho ya watu. Katika kitabu kile Mama hakuwamo.

Hapo ningeweza kumpa robo yake kutoka katika nusu yangu, kimya kimya. Nani angejua? Lakini nilioa mwaka ule, nikapaka nyumba chokaa, nikanunua saa ya mnyororo. Mwakani, nilijiambia. Mama nilimpelekea chupa mbili za soda kila Ijumaa. Yeye hunywa moja, nyingine humpa jirani na kujisifu, kisha huziosha chupa na kunirudishia, maana nilimwambia chupa ni ghali. Alipouliza mara ya kwanza, nilimwambia biashara bado changa. Mara ya pili nilimpelekea leso ya Idi. Mara ya tatu alikuja mwenyewe bandani, nami nikamwona kwa mbali nikaingia nyuma ya makasha.

"Mwambie nimekwenda Kilindini," nilimnong'oneza Katana.

Katana akatoka akamwambia. Aliporudi hakunitazama. "Mama yule ameketi juani," alisema. "Asema atangoja." Alingoja mpaka adhana ya adhuhuri, nami nimechutama nyuma ya makasha yangu. Mwisho wa mwezi Katana aliomba hesabu yake akaenda kufanya kazi Tudor, na hakuniambia sababu, wala sikuuliza.

Aliyemwamsha Mama ni Badria. Badria hajui kunong'ona tangu utotoni. Meli ya mahujaji ilikuwa yaja, majirani wawili wanakwenda, na Mama aliulizwa mbona yeye haendi na nauli anayo kashani. Badria akafungua kasha, hakuona kitu, ikambidi Mama aseme. Siku ya pili yake aliingia dukani mwangu mbele ya wateja.

"Vikuku vya Mama viko wapi, Idarus?"

"Vikuku gani?" nikasema.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka tu, na yakishatoka hayarudi. Bwana Akil alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti, nami nilikumbuka ile hati na mtambo wangu wa gurudumu jekundu. Badria akasema, "Haya. Kwa Kadhi utavikumbuka," akatoka.

Tulikwenda kwa Kadhi Jumanne, mwezi wa Rajabu. Mama alikuwa amejifunika, ameketi kwenye mkeka ukutani na Badria ubavuni pake. Alieleza habari yote kama ilivyokuwa, bila kuongeza neno. Hata pale nilipolipuka alipaficha. Alisema tu, "Hatukuandikiana kwa kuwa ni mwanangu."

Mimi nilitoa hati ya Bwana Akil. "Jina lake halimo humu, Kadhi."

"Sikukuuliza hati," alisema Kadhi. "Hati hiyo ni baina yako na Akil. Nakuuliza hivi: bibi huyu alikupa vikuku au hakukupa?"

"Hakunipa."

Badria aliguta kwa sauti. Kadhi akamnyamazisha, akamgeukia Mama. "Una mashahidi wawili, bibi?"

"Sina. Tulikuwa wawili tu. Binti yangu anajua."

"Binti hamshuhudilii mamaye. Na hakuwapo." Kadhi akavuta msahafu mbele yake. "Sheria ni hii. Wewe ndiye unayedai, na huna ushahidi. Yeye anakana. Basi haki yako iliyobaki ni kumtaka aape. Ukitaka aape, nitamwapisha hapa hapa. Akikataa kuapa, nitakupa haki yako. Akiapa, dai lako limeanguka."

Nilijua kuna kiapo. Kila mtu anajua. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba nitaapa upesi, nimalize, nitubie baadaye. Nilikuwa nimetawadha kabisa, hebu nitazameni! Nilitia udhu ili niapie uongo.

Mama akauliza, "Na akiapa uongo, Kadhi, inakuwaje kwake?"

"Hiyo ni baina yake na Mola wake," alisema Kadhi. "Mambo mazito hayo, bibi. Lakini si mzigo wako."

Nilisikia muuza kahawa akipita nje na vikombe vyake. Kisha Mama alisema, "Basi sitaki aape. Nimeliacha dai."

"Mama!" Badria alipiga ukelele. "Mama, asiape kwa nini? Muache aape tuone!"

"Nyamaza, Badria. Huyu nimemnyonyesha. Nimpeleke motoni kwa vikuku?"

Kadhi alinitazama mimi. Aliningoja. Yule mzee aliningoja hasa, kalamu mkononi, haandiki, na mimi nilijua anangoja nini. Neno moja lingetosha. Ningesema tu, "Alinipa," na Mama angekwenda Makka, na Bwana Akil angechukua mtambo wake, na mimi ningerudi forodhani kuhesabu makasha, mtu masikini wa kawaida. Nilitazama mkeka. Kadhi akachovya kalamu akaandika kwamba mdai ameacha dai lake. Na mimi nilishusha pumzi. Nilifurahi, ndiyo, nilifurahi, na hilo ndilo nisilolisamehe katika yote.

Mlangoni Mama alinipita karibu. Akasimama. "Umekonda, Idarus," alisema. "Huli vizuri." Akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata sikupeleka soda. Jumamosi zikaletwa dukani chupa mbili za wiki iliyotangulia, zimeoshwa, gololi zinang'aa.

Miaka minne sikukanyaga nyumba ile. Nikimwona njiani nageuka kichochoro kingine, na yeye, nadhani, alikuwa akipunguza mwendo ili niwahi kugeuka. Biashara ilipanda. Makka hakwenda. Mwaka wa 1913 alishikwa na homa siku tano, na siku ya sita Badria alimtuma mtu kuniambia maiti inatoka alasiri. Nilishika jeneza pamoja na wengine. Nililia, na watu wakanipa pole.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Maalim Zein alisema marehemu ameacha karatasi mbili kwake. Tulikuwa wanaume kama thelathini ukumbini, Bwana Akil miongoni mwetu, na wanawake ndani nyuma ya pazia. Karatasi ya kwanza ilikuwa wasia: sanda, sadaka, nyumba. Ya pili ilikuwa fupi. Maalim Zein alinitazama kabla ya kuisoma.

Aliisoma hivi: "Mimi Mwanatumu binti Shee, nikiwa mzima na akili zangu, nakiri kwamba jozi mbili za vikuku vyangu vya dhahabu nilizompa mwanangu Idarus mwaka aliponunua mtambo, kwa robo ya faida, nimemsamehe, vikuku na faida yake, duniani na akhera. Asidaiwe na binti yangu wala na mtu yeyote. Nimeandikiwa haya nisije nikafa akabaki na deni." Yakafuata majina ya mashahidi wawili. Na tarehe: ilikuwa Alhamisi, siku mbili tu baada ya siku ya Kadhi.

Alitaka kuniokoa, masikini. Hakufikiri kwamba karatasi ya kunisamehe ndiyo itakayoueleza mji mzima kile nilichokikana. Au alifikiri? Hapana. Hakuwa mtu wa hivyo, na mimi sitamtia ubaya wangu. Mji huu una adabu. Wote walitazama miguu yao, mmoja akakohoa, mwingine akaomba kahawa. Maalim Zein aliikunja ile karatasi akanipa mkononi, mbele yao, nami nikaipokea. Nilimnyima karatasi ya kumlinda yeye, naye akanilipia ya kunilinda mimi.

Bwana Akil alinikuta navaa viatu. "Nilikuuliza mara tatu," alisema. Hati ilimpa ruhusa ya kuchukua mtambo wote. Hakuuchukua. Alitaka fungu lake tu, nikamlipa kwa miaka miwili, na tangu hapo hajaketi tena kwenye kile kiti dukani.

Nilikwenda kwa sonara. Nilimweleza vikuku vilivyokuwa, upana wake, nakshi yake, akanifanyia jozi mbili. Nikapiga hesabu ya robo ya faida ya miaka yote, nikaziweka rupia mfukoni, vikuku nikavifunga kitambaa cha kijani, nikaenda Mbaraki kwa Badria. Alinifungulia mlango, akanikaribisha, akaniletea maji. Nikafungua kitambaa mbele yake.

"Ni haki ya Mama," nilisema. "Sasa ni yako. Ichukue, Badria, nakuomba. Nitaandika. Nitaleta mashahidi."

Hakuvigusa. Alivitazama, machozi yamemlenga, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ndogo kama ya Mama.

"Mama amesema usidaiwe," alisema. "Imeandikwa, na mashahidi wake wawili. Nikichukua nitakuwa nimevunja neno lake. Si wewe uliyesema kwa Kadhi tutazame hati?"

Nilikunja kitambaa nikarudi kwa miguu, mchana kweupe, kutoka Mbaraki mpaka Mji wa Kale. Watu wakanisalimia njia nzima, Bwana Idarus, Bwana Idarus, nami nikaitika. Vikuku viko hapa kwenye kasha la duka, na ile karatasi juu yake. Yule mtu wa kinu cha mafuta akirudi leo, nitamfungulia kasha aone mwenyewe, kisha nimwambie aende kwa wakwe zake pamoja na Maalim Zein, awaandikie hati kabla wao hawajaiomba.